Mwalimu wa Mashambulizi

Tarehe 4 Februari

Kwa Mwalimu,

Salamu. Nimeona tangazo lako kwa kinyozi wangu, limebandikwa pale pale ninapotazama nikikatwa nywele: "Mtihani wa cheti cha usalama wa mitandao. Nafundisha kwa barua tu. Aibu yako itabaki ndani ya bahasha." Nilicheka hadi kinyozi akaniambia nitulie asije akanikata sikio. Kisha nikaiandika namba ya sanduku lako la posta kiganjani.

Mimi ni mkuu wa mtandao wa kompyuta katika ofisi ya maji ya mji. Bajeti, mikataba na vikao hakuna wa kunifundisha. Lakini imekuja amri kutoka juu kwamba kila mkuu lazima awe na cheti hicho kabla ya katikati ya mwaka; asiye nacho ampishe mwenye nacho. Nimefungua kitabu chao. Kila ukurasa una aina nyingine ya shambulio, na zote machoni mwangu zinafanana kama mapacha. Kazini siwezi kusoma, maana vijana wangu wanaona kila ukurasa ninaoufungua kwenye kompyuta; ndiyo kazi niliyowapa. Nyumbani mke wangu ameshawatangazia ndugu zake kwamba mimi ndiye ninayetunga maswali ya mtihani huo. Na simu nayo siiamini tena tangu ofisi yetu ilipovamiwa mwaka jana.

Basi imebaki barua. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nimeamua kuvua mbele yako kwa kuwa hunijui. Bwana Mwalimu, nianzie wapi?

Wako,
Mwanafunzi Mzee


Tarehe 9 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Mkuu wangu wa zamani amenasa.

Lile tangazo nililibandika moja tu mji mzima, kwa kinyozi mmoja, mbele ya kiti kimoja. Kila Jumatatu alikuwa akija ofisini amenyolewa, akitusimulia porojo za kinyozi wake kana kwamba ni taarifa ya habari. Katika kazi yetu kuna barua ya chambo inayotupwa kwa watu elfu, atakayenasa anase. Na kuna ile inayoandikwa kwa mtu mmoja, na mtu anayejua huyo mmoja anaogopa nini. Mimi nilijua anaogopa nini: kuonekana hajui.

Najua kisa changu umekichoka, lakini acha nikirudie, maana nikikirudia ndipo mkono unapata nguvu. Neno la siri la kuingilia mashine yake lilikuwa limekwisha muda, akaona uvivu kuweka jipya. Akaniambia, "Fundi, iache mashine yako wazi, nichungulie barua zangu." Nikaenda kubadilisha waya chumba cha pili. Niliporudi alikuwa amefungua ratiba ya safari iliyotoka kwa mkurugenzi, na mkurugenzi hakuwa ametuma ratiba yoyote. Kabla ya saa sita mafaili yote ya wateja yalikuwa yamefungwa, na watu wamejaa madirishani na bili zao mkononi. Kumbukumbu ya mashine ikaonyesha jina langu. Mbele ya bodi nilieleza kama ilivyokuwa. Yeye alitabasamu, akasema sentensi moja tu: "Waheshimiwa, mashine ni yake, jina ni lake, mimi niseme nini?" Wote wakanigeukia, nikafukuzwa kazi kwa kuitwa mwongo. Tangu siku ile, kila ninapoomba kazi wanampigia simu yeye kwanza.

Sasa mkuu anataka kufundishwa, nami nitamfundisha. Nitamfundisha kinyume. Patakapoandikwa nyeusi nitamwambia nyeupe, aingie kwenye mtihani kifua mbele na atoke bila kiti. Barua zake nitazichapa, kwa sababu mwandiko wangu anaujua. Kila lebo ya waya katika chumba cha seva niliiandika mimi. Ananiita Bwana. Mwache.

Tafadhali haya yasiingie kwenye simu. Niandikie.

Mdogo wako


Tarehe 16 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma nikiwa na pini mdomoni, nusura nizimeze.

Nikwambie kwanza kwamba simpendi. Yule mtu nikikutana naye njiani nitavua kiatu. Lakini hapo kwenye kumfundisha kinyume umepotoka. Mimi ni mshona sare za shule, mambo ya mitandao yananipita juu ya kichwa, ila hili nalijua: siku mwalimu mkuu aliponitukana, ningeweza kushona suruali zote kombo. Angechekwa nani? Mtoto. Huyo mkuu wako akitoka hapo na uongo wako kichwani hataishia kwenye mtihani, atarudi nao ofisini, na ofisi ile ndiyo inayowapa watu maji. Wakivamiwa tena kwa sababu ya somo lako, utasema ni yeye?

Na jambo la pili. Walikufukuza kwa kukuita mwongo. Usiwape haki hiyo kwa kuwa mwongo kweli.

Niahidi, kwa jina la marehemu mama, kwamba hutamwandikia neno moja la uongo. Mchukie upendavyo. Ukitaka hata mimi nitakusaidia kumchukia, Jumapili nina nafasi.

Dada yako


Tarehe 20 Februari

Mwanafunzi Mzee,

Nimepokea barua yako. Kwanza funga kitabu. Kitabu kimeandikwa na watu wanaolipwa kwa ukurasa.

Mashambulizi ya mtandao ni mengi kwa majina, machache kwa tabia. Mtihani hautakuuliza majina tu, utakusimulia kisa, kisha utakuuliza, "Hili ni shambulio gani?" Basi jiulize kila mara: mvamizi anataka nini, na amepitia wapi?

Fikiria madirisha ya ofisi yenu. Wakija watu mia tano kwa pamoja, kila mmoja akauliza ni saa ngapi, akaondoka, akarudi tena kuuliza, mteja wa kweli hatahudumiwa. Hakuna kilichoibwa. Huduma ndiyo imenyimwa. Wale watu wakitumwa na bwana mmoja kutoka mitaa mbalimbali, wenyewe hata hawajui wametumwa, hilo ni lile lile kwa ukubwa zaidi, na kumfukuza mmoja mmoja hakusaidii.

Akija mtu akajaribu funguo zote za soko mpaka mlango ukubali, huyo anabahatisha neno la siri. Utamjua kwa idadi ya mara alizokosea.

Akija amevaa sare ya mkurugenzi, akakuomba umfungulie mwenyewe, hiyo ni hadaa. Hajavunja kufuli, amekuvunja wewe. Na akishaingia akafunga mafaili yenu yote akataka alipwe ndipo ayafungue, hiyo ni programu ya utekaji. Mara nyingi hadaa humfungulia mtekaji mlango, kwa hiyo usichanganye alivyoingia na alichofanya alipokwisha kuingia.

Zoezi: umesema ofisi yenu ilivamiwa mwaka jana. Nieleze lilikuwa shambulio gani, lilipita wapi, na nani alifungua mlango. Andika kweli tupu. Hapa hakuna bodi wala mkurugenzi, ni mimi na wewe.

Mwalimu


Tarehe 1 Machi

Bwana Mwalimu,

Sijawahi kufundishwa hivi! Barua yako nimeisoma ndani ya gari, kwenye maegesho ya ofisi, madirisha nimepandisha juu. Mlinzi amekuja kuniuliza kwa upole kama nimegombana na mama watoto. Nimemwambia ndiyo, ilikuwa rahisi kuliko kumwambia ukweli.

Ile habari ya watu mia tano dirishani imeniingia. Jana kwenye kikao kijana mmoja alisema mtandao umekuwa mzito, nikamwambia, "Tazama kama maombi ni ya wateja au ni ya kutujaza tu." Wote wakaandika. Nilitoka pale nimerefuka.

Sasa zoezi. Lilikuwa utekaji wa mafaili, uliotanguliwa na hadaa. Nadhani nimepata hapo. Mlango ulifunguliwa na fundi wangu, binti mwerevu lakini mzembe, aliyefungua ratiba ya uongo kwenye mashine yake. Nilikuwa nimemwonya mara nyingi. Mbele ya bodi nilimtetea mpaka nikaishiwa maneno, ila ushahidi ulimshinda. Nasikia hadi leo hajapata kazi. Inaniuma, kwa kweli, lakini mtandao hauna huruma.

Nangoja somo jingine kwa hamu.

Mwanafunzi Mzee


Tarehe 6 Machi

Dada,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimesimama, kukaa nimeshindwa.

Ulitaka niahidi, nami naahidi kwa jina la mama: hatapata kwangu neno moja la uongo. Nilikwisha kuamua hivyo tangu barua yako ifike. Hata zaidi ya hapo. Nilimpa nafasi, Dada. Nilimwomba asimulie ule uvamizi kwa kweli tupu. Alikuwa anamwandikia mtu asiyemjua, hakuna wa kumhukumu, hakuna cha kupoteza. Nilijisemea, akiandika tu "ni mimi niliyefungua", nitamaliza masomo, atafaulu, nitachoma barua zake na kisa kitaishia hapo. Nilimaanisha.

Unajua ameandika nini? Ati alinitetea! Mpaka akaishiwa maneno! Huyu mtu hadanganyi tena ili kujiokoa, anadanganya kwa sababu ameshajizoesha, na uongo wake umempendeza hadi anauonea uchungu. "Inaniuma," anasema. Nilikuwa na kikombe mkononi, sasa sina.

Basi nitamfundisha vizuri. Nitamfundisha kuliko nilivyowahi kumfundisha mtu yeyote, mpaka kitabu akitupe, mpaka asiwe na pa kuegemea ila mimi. Usiniulize kisha iweje. Ahadi yako nitaitunza, neno kwa neno.

Mdogo wako


Tarehe 10 Machi

Mwanafunzi Mzee,

Umepata: hadaa kwanza, utekaji baadaye. Lakini zoezi lako lina nusu iliyokosekana, na katika mtihani nusu hiyo ina maksi. Umesema mashine ilikuwa ya fundi. Hukusema ulithibitishaje kwamba mkono ulikuwa wake. Kumbukumbu ya mashine hutaja jina lililoingia, haitaji mtu aliyekaa kitini. Ukiona swali lenye watu wawili wanaotumia jina moja, jibu ni kwamba hujui bado. Kariri hilo.

Leo tuna aina mbili, nazo ndizo huwaangusha wengi.

Ya kwanza ni mtu wa kati. Wewe unamwandikia rafiki yako, rafiki anakujibu, na katikati kuna mtu anayepokea kila bahasha, anaifungua, anasoma, pengine anabadilisha mstari mmoja, anaifunga na kuipitisha. Nyote wawili mnadhani mnaongea. Dawa yake ni kufunga ujumbe kwa namna ambayo mwenye ufunguo peke yake ataufungua, na kuhakikisha mapema kwamba ufunguo ni wa huyo unayemdhani.

Ya pili ni sumu kwenye kitabu cha anwani. Kompyuta haijui njia, huuliza, "Fulani anakaa wapi?" na kuamini jibu. Mvamizi akipenyeza jibu lake mahali pale, utaandika anwani sahihi kabisa, herufi kwa herufi, na utafikishwa kwa mwizi. Hukukosea kitu. Uliyemwamini ndiye aliyedanganywa.

Utaona kwamba mashambulizi haya hayavunji kufuli. Yanakaa pale ambapo mtu alishaacha kuuliza maswali.

Nakufungia visa ishirini vya mazoezi. Vijibu bila kitabu.

Mwalimu


Tarehe 2 Aprili

Bwana Mwalimu,

Vyote ishirini! Umenirudishia karatasi na sikuona alama nyekundu hata moja! Nimeitazama mara tatu nikidhani umesahau kugeuza upande wa pili.

Sijui nikushukuru vipi. Miaka yote nimekaa na neno "mtandao" mlangoni kwangu kama mtu aliyekabidhiwa duka la dawa asiyejua kusoma vibandiko. Vijana wakiniuliza nilikuwa nakohoa, au napokea simu isiyopigwa. Sasa wananiuliza nawajibu. Juzi mmoja wao aliniambia, "Mkuu, siku hizi unaeleweka." Nilikwenda nikajifungia chooni, nikacheka peke yangu. Mke wangu anasema hata kukoroma nimepunguza.

Kitabu nimekifungia kabatini, ufunguo sijui uko wapi na sina haja nao. Barua zako zinanitosha, nimezikariri kama sala. Ile habari ya jina na mkono sikujua kwa nini umeikazia vile, lakini nayo nimeikariri.

Mtihani ni tarehe 19. Nikifaulu nitakutafuta, nikushike mkono. Mtu aliyeokoa kiti changu siwezi kuacha bila kumwona uso.

Mwanafunzi wako


Tarehe 16 Aprili

Mkuu,

Barua hii nimepiga hesabu ikufikie siku moja kabla ya mtihani. Safari hii nimeandika kwa mkono. Shuka chumba cha seva, shika waya wowote ule, uulinganishe mwandiko huu na lebo yake. Bado nyingi zipo, natumaini, nilizibandika vizuri.

Ndiyo. Ni yule binti mzembe uliyemtetea mpaka ukaishiwa maneno.

Uliniambia niache mashine wazi, nikaiacha, kwa sababu ulikuwa mkuu wangu. Ukafungua ile ratiba ya uongo kwa jina langu. Halafu ukasimama mbele ya bodi na sentensi yako moja, wala hukuhitaji ya pili. Miaka yangu yote ya kazi, kila waya, kila usiku niliokesha mitambo ilipokufa, watu wale walianza kuvitazama upya kana kwamba vyote vilikuwa hila. Nakuchukia, Mkuu. Nimekuandikia kwa adabu muda huu wote, acha walau mara moja niandike hivyo.

Tangazo lile kwa kinyozi lilikuwa la kwako peke yako. Hakuna mwanafunzi mwingine.

Sina la kuongeza ila swali moja, nalo halimo kwenye mtihani. Mtu uliyemfanyia vile, akapata nafasi ya kukufundisha yeye peke yake, nawe kitabu umekifungia kabatini, je, angekufundisha kweli tupu?

Nakutakia mtihani mwema.

Fundi wako wa zamani


Tarehe 25 Aprili

Wewe,

Nimefeli. Kunywa, kula, furahi.

Sijui nilivyofika kwenye ule ukumbi. Kabati nilikuwa nimelivunja usiku ule na nyundo. Lakini kitabu kinaeleza kwa maneno mengine, na kila kilipotofautiana nawe nilijiambia, hapa ndipo aliponipindulia. Kila kilipofanana nawe nilijiambia, hapa ameacha kweli makusudi ili nimwamini pengine. Swali la kwanza lilikuwa la watu wa kujaza dirisha. Nililijua! Nililijua kama jina la mwanangu. Nikabofya jibu, nikaondoka, nikarudi, nikabadilisha. Nilifanya hivyo mtihani mzima. Msimamizi alinijia kuniuliza kama naumwa.

Basi sikiliza. Wamenipa nafasi moja ya kurudia, mwezi wa sita mwanzoni. Nikifeli hiyo, nimekwisha. Nina watoto wawili shule na mke aliyekwisha kujisifu kwa ukoo mzima. Nataka jambo moja kwako: niambie ni lipi. Ni somo gani ulilipindua? Hata kama ni moja, hata kama ni yote. Niambie tu nijue pa kukanyaga.

Nami nitafanya lile unalolitaka. Nitawaandikia bodi kwamba nimeikagua upya kumbukumbu ya siku ile, nimeridhika kwamba fundi hakuhusika, na naomba jina lake lisafishwe. Namna ya kulieleza niachie mimi, ni kazi ninayoiweza. Wakikupigia wenye kazi, nitakusifu. Barua nimekwisha kuiandika na kuitia sahihi. Inangoja jibu lako.

Hii unayosoma sijaitia sahihi, nimeichapa kwenye duka la kopi. Ukiipeleka popote nitasema umeiandika mwenyewe, na unajua wataamini nani.


Tarehe 30 Aprili

Dada,

Shikamoo. Kafeli! Nilipoisoma nilipiga kigelegele peke yangu jikoni, hata jirani akagonga ukuta akiuliza ni harusi ya nani. Kabadilisha majibu ya kweli kwa mkono wake mwenyewe, moja baada ya jingine. Sikumgusa. Nilimuuliza swali tu, na swali si uongo. Siwezi kukuficha, ilikuwa tamu. Nililala kama mtoto aliyeshiba.

Sasa soma barua yake niliyokufungia humu, uone mwisho wake. Ameniwekea jina langu mezani, Dada. Jina langu, sahihi yake, bodi. Na anataka kitu kimoja kama malipo, nami kitu hicho sina. Anataka somo la uongo. Hakuna somo la uongo! Nimezipekua nakala za barua zangu zote nikitafuta hata kosa la bahati mbaya, hata koma iliyokaa vibaya. Sijaona.

Nikimwambia hakuna, unadhani ataamini?

Mdogo wako


Tarehe 5 Mei

Mdogo wangu,

Mdanganye!

Najua nilivyokuapisha. Nakufungulia kiapo, mama atanielewa, na asiponielewa nitajibizana naye mimi huko huko. Chagua somo lolote, mwambie hili ndilo. Lile la kubahatisha funguo halina madhara, mwambie hilo. Ataandika barua yake, utapata kazi, mambo kwisha. Mwaka mzima umekaa ndani huku ukijua kazi kuliko wao wote. Unangoja nini? Uongo mdogo kwa mtu aliyekusingizia makubwa, nani atakuhukumu?

Nakuomba. Usilete kiburi chako cha udogoni, kile cha kukataa chakula ukisusa, halafu njaa ikuume wewe.

Dada yako


Tarehe 9 Mei

Mkuu,

Umeniuliza ni somo gani nililipindua. Hakuna.

Najua utakavyoisoma sentensi hiyo, lakini isome tena. Kila nilichokuandikia ni kweli: madirisha, funguo, sare ya mkurugenzi, mtu wa kati, kitabu cha anwani. Visa ishirini ulivyopata vyote ulivipata kwa haki. Ulikuwa umeiva. Ungejibu kama ulivyojua siku ile, leo ungekuwa na cheti chako ukutani, nami ningekuwa nimekichangia, na ningeikubali aibu hiyo.

Ningeweza kukuchagulia somo moja na kusema ndilo la uongo. Nimeshauriwa hivyo na mtu ninayempenda. Nilikaa na kalamu tangu asubuhi, nikaandika "somo la kwanza", nikachana. Nikaandika tena, nikachana. Siwezi. Ukiamini hivyo utarudi ofisini na ujinga mpya, na bado unalinda maji ya watu. Na mimi walinifukuza kwa neno moja, kwamba ni mwongo. Nikilirudisha jina langu kwa uongo, nitakuwa nimewarudishia na neno lao.

Sikusamehe. Nilitaka ufeli, umefeli, na nilifurahi. Lakini sikukudanganya. Barua yako kwa bodi ni ya kweli, hata kama uliiandika ili kununua jibu langu. Ipeleke. Kisha fungua masomo yangu, yakariri kama sala, ukafaulu mtihani wako. Hivyo viwili tu. Nakuomba, na unajua sijawahi kukuomba kitu.

Fundi


Tarehe 15 Mei

Fundi,

Nimeisoma, nimeirudia, nimempa na mke wangu aisome. Naye sasa anajua yote, kama hilo litakufurahisha.

Hakuna mtu anayepanga tangazo, sanduku la posta na kiti cha kinyozi, akangoja miezi, akachapa kila barua ili asijulikane, halafu afundishe kweli. Nimejitahidi kuamini. Siku mbili hizi nimefungua lile somo la kwanza, nikaanza kusoma, na kila mstari nausikia ukinicheka. Nikasema basi. Nimepata mwalimu mwingine, kijana wa chuoni, ananifundisha ana kwa ana. Ameanza kwa kuniambia nisahau yote niliyowahi kujifunza. Nimemwambia hilo ndilo gumu kuliko mtihani.

Ile barua ya bodi ilikuwa kwenye bahasha, stempu nimeibandika, imekaa kwenye kiti cha mbele cha gari tangu mwezi uliopita. Kila nikipita posta napunguza mwendo. Leo asubuhi nimeichana.

Nilikuwa tayari kuamini lolote ambalo ungeniambia. Ungenitajia japo somo moja.

Mkuu wako wa zamani